Mtikini niliouhamisha kutoka Muheza hadi Mbagala umebadilika ladha: ni kivuli, ni maji, ni udongo, au ni mkono wa mama?

#1 Mwana wa Muheza

Salaam wanajukwaa. Nina jambo la mboga ambalo limenisumbua tangu vuli iliyopita, na naomba wenye uzoefu wanisaidie.

Nimekulia Muheza, na mtikini ni mboga niliyolelewa nayo. Kwa wasioufahamu, ni mmea wa asili unaotambaa, wenye shina la pembe nne, majani yanayotazamana mawili mawili, na maua meupe madogo yenye madoa ya zambarau kwenye mdomo wa chini, yaliyojipanga upande mmoja wa kikonyo. Huota wenyewe chini ya minazi na michungwa, kando ya njia na ndani ya mashamba ya muhogo mara mvua zinapoanza. Kwa mama hakuna aliyewahi kuupanda. Tulikuwa tukitumwa na kikapu, tunarudi kimejaa.

Wakati wa masika mwaka jana nilikata vipandikizi kumi na viwili shambani kwa mama, nikavifunga kwenye jani la mgomba lililoloweshwa, nikasafiri navyo kwa basi hadi Mbagala ninakoishi. Nilivipanda kando ya ukuta wa uani, vyote vikashika, na kufikia vuli ukuta ulikuwa umefunikwa kijani. Shida ilianza siku ya kuupika. Tuliuunga kwa nazi kama nyumbani, lakini ulikuwa na ukakasi, harufu ya nyasi, na uchungu kidogo unaobaki nyuma ya ulimi. Wa mama ni laini, una utelezi mdogo unaoshikana vizuri na bada (ugali wa muhogo), na unapomeza unabaki na utamu. Nimejaribu mara nne, na mara zote matokeo ni hayo hayo. Mmea ni ule ule, kwa kuwa niliukata kwa mkono wangu. Ni nini kimebadilika?

#2 Shamba la Pongwe

Karibu, ndugu yangu wa Tanga. Jibu liko kwenye maelezo yako mwenyewe: kwa mama unaota chini ya minazi na michungwa, kwako umeupanda kwenye ukuta unaopigwa jua mchana kutwa. Mtikini wa kivulini hutoa majani mapana, membamba kwa unene na ya kijani kibichi, ambayo ukiyakunja hayavunjiki. Mtikini wa juani hujikaza: majani huwa madogo na magumu, na shina huingia wekundu. Mimi ninayo yote mawili kwenye shamba moja, umbali wa hatua thelathini, na mke wangu hakubali kupika ule wa juani mpaka ule wa chini ya minazi umalizike. Panda migomba miwili hapo ukutani, kisha urudi utuambie.

#3 Mwana Kwale

Sisi Wadigo tunauita futswe. Kabla ya kwenda kwenye kivuli ningependa kuuliza jambo ambalo naona limerukwa: una hakika kwamba mama alikuwa akiupika peke yake? Kwetu Msambweni futswe haipikwi peke yake hata siku moja. Huchanganywa na mchunga, mnavu, majani ya kunde na mchicha wa mwitu, kila kimoja kwa kipimo chake, na mpishi ndiye anayejua kipi kipunguzwe kulingana na msimu. Mchunga huleta uchungu, kunde huleta uzito, na futswe huleta ulaini. Mtoto aliyetumwa kuchuma futswe atakua akiamini kwamba alikula futswe, kumbe alikula mboga tano. Ukiipika moja tu kati ya hizo tano, lazima utahisi kuna kitu kimepungua.

#4 Bustani Tabata

Nina wasiwasi wa aina nyingine. Hapa Dar es Salaam wauza miche ya maua huuza mmea unaofanana kabisa na mtikini, isipokuwa maua yake ni makubwa na ya zambarau. Hupandwa kufunika ardhi au kutambaa kwenye uzio. Huo unatoka Asia, na ndio uliogeuka kuwa gugu baya katika nchi za watu. Ikiwa jirani yako anao, huenda umevuka ukuta ukachanganyikana na wako, nawe unachuma bila kutambua.

#5 Mwana wa Muheza

Ahsanteni. Kwa #2, ni kweli ukuta unatazama magharibi na jua la mchana ni kali. Kwa #3, sina uhakika. Nakumbuka kikapu cha mtikini, lakini chungu sikukisimamia mimi. Nitamuuliza mama. Kwa #4, maua yote ninayoyaona uani ni meupe yenye madoa, ingawa jirani wa nyuma ana maua mengi ambayo sijawahi kuyachunguza.

#6 Fundi wa Mimea

Naomba nimsahihishe #4 kwa heshima, kwa sababu amechanganya mambo mawili.

Mtikini wetu na lile ua la bustani ni spishi moja, Asystasia gangetica, ya jamii ya Acanthaceae. Linnaeus aliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1756 akauita Justicia gangetica, kwa jina la mto Ganges wa India, na Thomas Anderson akauhamishia kwenye jenasi ya Asystasia mwaka 1860. Ndani ya spishi hiyo kuna nususpishi mbili zinazotajwa sana. Ile ya Asia, gangetica, ina maua makubwa, mara nyingi ya bluu au zambarau. Ile ya kwetu Afrika, micrantha, ambayo jina lake lina maana ya "maua madogo", ina ua jeupe lisilozidi milimita 25 kwa urefu, na mistari ya madoa ya zambarau kwenye mdomo wa chini. Chukua rula, pima maua kumi, na utajua unachokula.

Kuhusu ugugu, mambo ni kinyume cha ulivyosema. Australia waliiweka kwenye orodha yao ya tahadhari ya magugu ile nususpishi yenye maua madogo, yaani mtikini huu huu wetu, baada ya kuukuta ukienea katika jimbo la New South Wales. Katika mashamba ya michikichi ya Malaysia na Indonesia pia unawatesa wakulima kwa sababu haujali kivuli na hufyonza mbolea kabla ya mchikichi kuifikia. Kwetu una wadudu wake, mbuzi wake na wachumaji wake, kwa hiyo hukaa kwa adabu.

Na hili la mwisho linamuunga mkono #2 kwa sehemu tu: mmea huu kwa asili yake unapenda kivuli chepesi.

#7 Nyar Nam

Nimefurahi kuona uzi huu. Sisi Waluo tunaujua mtikini, tunauita atipa. Huota ndani ya mahindi mvua zikianza, na mama zetu huuchuma wakati wa palizi ya kwanza. Tiba ya ukakasi ni karanga. Saga karanga zilizokaangwa, zichanganye na maji ya uvuguvugu, mimina kwenye mboga iliyokwisha kuiva, na uache ichemke taratibu huku ukikoroga. Mwana wa Muheza, achana na nazi kwa siku moja tu, na ulimi wako utasahau uchungu huo.

#8 Fundi wa Mimea

Dada Nyar Nam, karanga zako nazikubali kwa mikono miwili, lakini atipa si mtikini. Atipa ni Asystasia mysorensis, ndugu wa karibu wa mtikini, na ndiyo maana majani yanafanana. Atipa husimama zaidi kuliko kutambaa na huishi msimu mmoja. Mtikini hulala chini, na kila kifundo kinachogusa udongo hutoa mizizi, kwa hiyo unaweza kuishi miaka.

#9 Nyar Nam

Basi ni shangazi yake, na mapishi ya shangazi yanamfaa mpwa. Ahsante kwa sahihisho.

#10 Bibi wa Soni

Wanangu, nimesoma kivuli, nimesoma Malaysia na Australia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mboga ilichumwa lini na ilichumwaje. Nimeuza tikini sokoni Soni na Bumbuli kwa miaka mingi. Kwetu Usambara tunaiita tikini bila "m", na naona Wazigua nao wanaiita hivyo.

Tikini huchumwa kabla haijatoa maua. Ukishaona kikonyo cha maua kimenyooka juu, nguvu ya mmea imehamia huko na jani limeanza kukakamaa. Mwana wa Muheza, umetuambia vizuri sana jinsi maua yako yalivyo, na hapo ndipo nilipojua tatizo lako. Unachuma mmea mzee. Shika ncha ya tawi kati ya kidole gumba na cha shahada, telezesha kuelekea chini, na pale shina linapokatika lenyewe bila kuvutwa, hapo ndipo mwisho wa mboga. Chini ya hapo ni chakula cha mbuzi. Kwa kawaida utapata majani manne, pengine sita. Chuma asubuhi kabla jua halijapanda, weka kikapu kivulini, na uipike siku hiyo hiyo.

Kuhusu mapishi, osha mboga ikiwa nzima, ndipo uikate, wala usiioshe baada ya kuikata kwa kuwa utelezi wote utaondoka na maji. Weka maji kidogo kwenye chungu, yachemke kwanza kabla ya kutia mboga, na usifunike. Ukifunika, harufu ya nyasi uliyoilalamikia hurudi ndani ya mboga. Ikishalainika, tia tui la pili pamoja na nyanya na kitunguu, acha lipungue, kisha kasimile, yaani tui zito la kwanza, mwishoni, koroga mpaka lichemke mara moja, na uepue. Ukiipeleka mbali zaidi ya hapo, tui litakatika na mboga itakuwa na mafuta juu na ukakasi chini.

Magadi sitii. Magadi ni ya kisamvu na kunde.

#11 Mwana Kwale

Shikamoo bibi. Nakubali yote isipokuwa hilo la magadi. Kwetu kijipande kidogo kama punje ya mahindi ndicho kinacholainisha futswe wakati wa kiangazi, majani yanapokuwa magumu. Tatizo ni watu kutia kijiko kizima, mboga ikabaki na ladha ya sabuni.

#12 Bibi wa Soni

Marahaba mwanangu. Huko pwani mna kiangazi kirefu, ninawaelewa. Milimani hatukihitaji.

#13 Kisima cha Kaloleni

Kwetu Wagiriama ni thalakushe, na wengine huandika tsalakushe. Ninaona nyote mmepita pembeni ya kitu kimoja, nacho ni maji. Mwana wa Muheza hajatuambia anamwagilia nini. Kama ni maji ya kisima kirefu katika maeneo ya karibu na bahari, huenda yana chumvi. Nilikuwa na kisima cha namna hiyo, na mboga zote nilizomwagilia zilikuwa na majani mazito na ladha nzito kinywani, kuanzia mchicha hadi thalakushe. Mvua zikinyesha wiki tatu mfululizo, mboga hizo hizo zinarudi kuwa tamu. Mama wa Muheza anategemea mvua, na hilo halijatajwa na mtu yeyote tangu post ya kwanza.

#14 Shamba la Pongwe

Hoja ya #13 ina uzito, lakini nimekula mtikini uliochumwa hatua chache kutoka baharini, upande wa Pangani, kwenye mchanga mtupu chini ya minazi, na ulikuwa laini kuliko wa kwangu. Chumvi ilikuwapo, kivuli kilikuwapo, na mboga ikashinda. Nasimama na kivuli.

#15 Kisima cha Kaloleni

Chumvi iliyo hewani na chumvi unayoimwaga kwenye mizizi kila jioni si kitu kimoja, mkuu. Minazi yenyewe ya Pangani inakunywa maji ya mvua yaliyohifadhiwa mchangani.

#16 Mkulima Mpya Kibaha

Samahani kwa kuwarudisha nyuma. Mimi sijawahi kuupanda, na mjadala huu umenitia hamu. Maduka ya pembejeo ninayoyajua yana mbegu za mchicha, mnavu na mgagani, lakini mtikini sijauona hata kimoja. Je, nianze na mbegu au na vipandikizi? Nina eneo la mita tatu kwa mita mbili chini ya mwembe.

#17 Shamba la Pongwe

Anza na vipandikizi, ni rahisi mno. Tafuta tawi ambalo si changa sana wala halijakauka kuwa mti, ulikate urefu wa shubiri moja, liwe na vifundo vitatu au vinne. Ondoa majani ya vifundo viwili vya chini, vizike vifundo hivyo kwenye udongo uliolainishwa na samadi iliyooza, na uache ncha nje. Weka nafasi ya shubiri moja na nusu kati ya kipandikizi na kipandikizi. Mwagilia kila siku katika wiki ya kwanza, na kabla wiki ya pili haijaisha utaona majani mapya. Mwembe unaweza kuwa na kivuli kizito mno, kwa hiyo pogoa matawi ya chini ili mwanga upenye. Mmea ukianza kutambaa, ukate ncha zote mara moja ili utoe matawi ya pembeni, kisha uchume kila baada ya wiki mbili. Kila unapochuma ondoa na vikonyo vya maua, isipokuwa pale unapotaka mbegu.

#18 Fundi wa Mimea

Kwa anayetaka mbegu, ninaeleza nilichokiona mwenyewe, kwa sababu mara mbili nilizikosa kabla ya kuelewa mmea huu unavyofanya kazi.

Ganda lake lina umbo la rungu dogo, urefu wake ni kama sentimita mbili na nusu hadi tatu. Nusu ya chini ni kishikizo tu, haina kitu. Nusu ya juu ina mbegu nne bapa, na kila mbegu imekaa juu ya kijindoano kigumu. Ganda likikauka, pande mbili zake huvutana mpaka zinaachana kwa ghafla kuanzia nchani, na vile vijindoano hurusha mbegu mbali, mita kadhaa. Nilikuwa nimekaa kibarazani saa saba mchana, jua kali, hakuna upepo, nikasikia milio midogo kama ya karanga zinazopasuka kikaangoni. Nilidhani ni wadudu. Nilipoinama karibu na mmea, mbegu moja ilinigonga shavuni, na maganda mengi yalikuwa tayari yamefunguka kama midomo mitupu.

Kwa hiyo usisubiri ganda likaukie kwenye mmea. Linapoacha ukijani na kuanza kuwa la kahawia, lifunike kikonyo kizima kwa mfuko wa karatasi, ufunge shingoni kwa uzi, kisha ukate na kuuning'iniza ndani. Baada ya siku chache utasikia mfuko ukigongwa kutoka ndani.

#19 Mama Uani

Maelezo ya #18 yamenifumbua macho. Miaka miwili nimekuwa nikijiuliza mtikini umefikaje ndani ya vyungu vyangu vya maua vilivyo barazani, upande wa pili wa uzio. Naomba muwaambie wanaoanza kwamba mmea huu si wa kuuachia. Uliingia kwenye tuta langu la mchicha wakati nimesafiri kwa mwezi mmoja na nusu, na niliporudi mchicha ulikuwa umelala chini yake, mweupe kama uliofunikwa na gunia. Kuung'oa hakutoshi, maana kila kipande cha shina chenye kifundo kinachobaki kinaota upya. Sasa nimeupa tuta lake, nimelizungushia matofali, na ninachuma bila huruma. Unaozidi nampa sungura.

#20 Bustani Tabata

Nimekubali sahihisho la #6. Ninaongeza tu kwamba kama ni spishi moja, basi zinaweza kuzaliana, na Mwana wa Muheza bado hajapima maua ya jirani yake.

#21 Fundi wa Mimea

Alileta vipandikizi, hakuleta mbegu. Kipandikizi ni mmea ule ule wa mama, hakibadiliki kwa chavua ya jirani. Miche iliyoota baadaye kutokana na mbegu zilizoruka, hiyo ndiyo ya kutilia shaka. Je, alichuma kwenye mashina yale kumi na mawili au kwenye miche mipya? Hata mimi sasa ninataka kujua.

#22 Mpenda Vipepeo Amani

Ombi langu ni dogo. Mnapochuma, acheni matawi machache. Kuna kipepeo mweusi mwenye doa la bluu linalong'aa kwenye kila bawa la nyuma, na mwenzake wa njano, ambao viwavi wao hulelewa kwenye mtikini. Ukikuta viwavi vyeusi vyenye vimiiba kwenye majani, usikimbilie dawa. Vihamishie tawi la pembeni. Kupulizia dawa mboga ambayo utaichuma keshokutwa ni hatari kwako kuliko kwa kiwavi. Nyuki nao huupenda, na hapa kwetu tunauacha uchanue chini ya miti wakati maua mengine yamekwisha.

#23 Mkulima Mpya Kibaha

Ahsanteni nyote. Nimepata vipandikizi ishirini kwa jirani. Baadhi ya majani yana mabaka ya njano yanayofuata mishipa. Ni njaa ya mbolea?

#24 Shamba la Pongwe

Hapana, kama njano inafuata mishipa na majani yamekunjamana, huo ni ugonjwa wa virusi unaosambazwa na inzi weupe. Geuza jani, utawaona chini yake. Usivipande hivyo. Tafuta vipandikizi vingine kwenye mmea safi, kwa sababu kipandikizi hubeba ugonjwa wa mama yake, kama #21 alivyosema kuhusu mengine.

#25 Mwana wa Muheza

Nimerudi, na samahani kwa kuchelewa. Nilikwenda Muheza wiki mbili zilizopita nikiwa na rula, na nikabeba mfuko wa mtikini wa Mbagala niliouchuma alfajiri siku ya safari, ncha tupu kama Bibi wa Soni alivyoagiza, kutoka kwenye mashina yale yale kumi na mawili.

Maua ya mama yalikuwa kati ya milimita 17 na 21. Ya kwangu niliyapima kabla ya kuondoka, yako kati ya 16 na 20. Ni mmea mmoja, hilo limekwisha.

Nilimuuliza mama kama alikuwa akichanganya. Alinitazama kwa mshangao akasema, "Nani anapika mtikini bila mchunga?" Kumbe alikuwa akitia konzi moja ya mchunga na majani machache ya kunde, siku zote. Mwana Kwale, ninakuvulia kofia.

Hata hivyo tulipika vyungu viwili, kimoja cha mtikini wake na kimoja cha wangu, vyote bila mchunga, kwa tui la nazi moja na mkono wa mama huyo huyo. Wa kwangu ulikuwa bora kuliko nilivyowahi kuupika, bila ile harufu ya nyasi, lakini ukakasi kidogo ulibaki. Wa mama ulikuwa laini. Mama alisema jani langu "limeona jua". Dada yangu alikula vyungu vyote viwili na kusema haoni tofauti yoyote.

#26 Shamba la Pongwe

Mama ametamka. Kivuli.

#27 Mwana Kwale

Mama ametamka mara mbili, na mara ya kwanza alisema mchunga. Ladha uliyoikumbuka ulipofungua uzi huu ilikuwa ya chungu kilichochanganywa, na hakuna mgomba utakaokuletea hiyo.

#28 Kisima cha Kaloleni

Ukakasi uliobaki umebaki kwa sababu ipi, kama mpishi alikuwa mmoja na ncha zilikuwa changa? Mwana wa Muheza, nimeuliza tangu #13 na bado hujajibu: unamwagilia maji gani?

#29 Fundi wa Mimea

Pia mboga yako ilikuwa imekaa mfukoni safari nzima ya kutoka Dar es Salaam, ilhali ya mama ilitoka shambani moja kwa moja. Na majani ya jamii hii yana vijipunje vya chokaa ndani yake, ambavyo ndivyo vinavyoyafanya yakwaruze kidogo ukiyasugua kati ya vidole. Jani likinyauka, mkwaruzo huo husikika zaidi. Jaribio lenu lilikuwa zuri, ila halikuwa la haki kwa upande mmoja.

#30 Mwana wa Muheza

Maji ni ya kisima, na ni kweli yana chumvi kidogo. Chai inayopikwa kwayo tunaitambua. Nimeanza upya hivi. Nimepanda mgomba mmoja ukutani, na nimetengeneza matuta mawili chini ya kivuli cha kibanda cha kuku, moja nitalimwagilia maji ya kisima na la pili maji ya mvua niliyoyakinga kwenye pipa. Tuta la tatu nimeliacha juani kama mwanzo. Mchunga nao nimeupata, unaota wenyewe kwenye kiwanja cha jirani. Vipandikizi vina siku tisa leo, na vyote vimesimama.

#31 Bibi wa Soni

Vizuri, mwanangu. Siku tisa ni mapema, usiviguse. Vikifika urefu wa kiganja, kata ncha ya kila kimoja uitupe, hiyo ya kwanza si ya kula. Mavuno yako yaanze na matawi ya pembeni, na uyachume matuta yote matatu asubuhi moja.